The Constant Gardener: Riwaya Isiyotoa Haki na Filamu Iliyoitoa

Riwaya ya The Constant Gardener inaanza saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, ndani ya Ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, na mtu wa kwanza tunayekutana naye si mume wa marehemu bali ni Sandy Woodrow, ofisa mwandamizi wa ubalozi, ambaye anapokea taarifa kwamba Tessa Quayle ameuawa karibu na Ziwa Turkana. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo inaanza kwenye uwanja wa ndege, ambapo Justin Quayle anaagana na mkewe, na sisi tunamwona Tessa akienda zake pamoja na daktari Arnold Bluhm, akiwa hai, akiwa na haraka, akiwa na sura na sauti yake mwenyewe. Tofauti hii ya mwanzo inaweza kuonekana kuwa jambo dogo la ufundi, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata, hadi dakika za mwisho ambapo kazi hizi mbili zinaachana kabisa.

Kwa wasiozifahamu, maelezo mafupi yanatosha. John le Carré, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa idara za ujasusi za nchi yake kabla ya kuishi kwa kalamu, alichapisha riwaya hii mwaka 2001. Filamu ilitoka mwaka 2005 chini ya mwongozaji Fernando Meirelles wa Brazili, ambaye alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa filamu ya City of God, na mswada wake uliandikwa na Jeffrey Caine. Ralph Fiennes aliigiza nafasi ya Justin, mwanadiplomasia mpole anayependa kutunza maua yake kuliko kugombana na mtu, na Rachel Weisz akaigiza nafasi ya Tessa, mwanasheria kijana asiyejua kunyamaza, nafasi iliyompatia tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Tessa na Arnold wamegundua kwamba dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa inajaribiwa kwa wagonjwa maskini wa Kenya, kwamba inaua baadhi yao, na kwamba vifo hivyo vinafichwa ili dawa ifike katika masoko ya nchi tajiri bila doa. Wanaandika ripoti na kuipeleka kwa serikali ya Uingereza wakiamini kwamba itachukua hatua. Serikali hiyo ina maslahi yake katika kampuni ya dawa, na Tessa anauawa.

Katika riwaya, msomaji analazimika kuketi kwa muda mrefu ndani ya kichwa cha Woodrow, na hapo si mahali pazuri pa kuketi. Woodrow alimtamani Tessa, alimwandikia barua ya mapenzi ambayo sasa anaogopa itaonekana, na alishiriki kuizima ripoti yake, kwa hiyo kila anachotueleza kuhusu marehemu kimepita kwenye chujio la woga na aibu. Wapelelezi wawili kutoka Uingereza, Rob na Lesley, wanapomhoji, mwandishi anaturuhusu kusikia maswali, kusikia majibu, na kusikia pia yale ambayo Woodrow anayaficha akilini kati ya swali na jibu. Mahojiano hayo ni miongoni mwa kurasa bora nilizowahi kusoma kuhusu mtu mwenye cheo anayesema uongo kwa adabu. Hapigi kelele wala hatishi mtu, anachagua tu maneno ambayo kila moja ni kweli kwa kiasi fulani, hadi yote kwa pamoja yanakuwa uongo mtupu.

Kwa sababu hiyo Tessa wa riwaya ni mtu wa kusikia kwa wengine. Tunamjua kupitia uvumi wa wake za wanadiplomasia, kupitia kumbukumbu za mwanamume aliyemtamani, kupitia makaratasi yake, na baadaye kupitia mazungumzo ambayo Justin anayafanya naye moyoni kana kwamba bado yuko. Uvumi kwamba alikuwa na uhusiano na Arnold unapewa nafasi ya kutosha kiasi kwamba msomaji naye anaanza kuwa miongoni mwa wavumishaji. Huo ni mtego wa makusudi, kwa maana le Carré anataka tuone jinsi jamii ndogo ya watu wenye heshima inavyoweza kumgeuza mwanamke aliyekufa kwa sababu ya ukweli kuwa mwanamke aliyekufa kwa sababu ya tabia zake.

Meirelles hana subira na mtego huo, au pengine anajua kwamba kamera hairuhusu. Ukishamwona Weisz, akiwa na ujauzito mkubwa, akitembea kwenye vichochoro vya Kibera na kuwaita watoto kwa majina, uvumi wote wa ubalozini unapoteza nguvu. Filamu inatumia mbinu rejeshi kwa wingi katika nusu yake ya kwanza, tukirudishwa London kwenye mhadhara ambao Justin anausoma kwa niaba ya mkubwa wake na Tessa anasimama kumshambulia kuhusu vita vya Iraq, kisha tukirudishwa nyumbani kwao, kitandani kwao, bustanini kwao. Kilichokuwa katika kitabu uchunguzi wa jinsi taasisi inavyosema uongo kinakuwa katika filamu hadithi ya mume anayempenda mkewe kwa ukamilifu baada ya kumpoteza. Sisemi kwamba huo ni upungufu, kwa kuwa Fiennes anaigiza upole wa Justin kwa namna inayomfanya mtazamaji asijue kama ni upole au ni kujificha, na pale anapopewa taarifa ya kifo akiwa na mimea yake, akamshukuru Woodrow kwa kumletea habari ambazo bila shaka hazikuwa rahisi kuzileta, nilielewa tabia yake yote kwa dakika moja. Hata hivyo bei yake ni kwamba Woodrow, ambaye ni nusu ya kitabu, anapungua na kuwa mtu dhaifu wa pembeni, na wapelelezi Rob na Lesley hawana kabisa nafasi yao.

Mahali ambapo filamu inakizidi kitabu ni katika kuiona Kenya. Le Carré aliitembelea nchi na kuisikiliza, na anaitaja serikali ya Moi waziwazi kwa ukali ambao ulifanya riwaya isikaribishwe na wakubwa wa Nairobi ilipotoka. Lakini Kenya ya riwaya, kwa sehemu kubwa, inaonekana kutoka kwenye baraza za nyumba za Muthaiga: walinzi getini, milango ya chuma, watumishi wanaopita na trei, mazungumzo kuhusu usalama na kuhusu nani amehamishiwa wapi. Mustafa, mtumishi wa akina Quayle, ni mtu mwema na mwaminifu, na zaidi ya wema na uaminifu hatuambiwi mengi juu yake. Mwandishi angeweza kujitetea kwamba hiyo ndiyo hali halisi ya maofisa wa kigeni, ambao wanaishi nchini miaka mitatu au minne bila kuingia hata katika nyumba moja ya Mkenya wa kawaida, na utetezi huo ungekuwa na uzito. Bado msomaji wa Afrika Mashariki anafika mwisho wa kitabu kinene kuhusu miili ya Wakenya bila kuwa amekaa na Mkenya hata mmoja kwa muda wa kutosha kumjua.

Filamu ilipigwa picha hapa hapa, baada ya Moi kuondoka madarakani Desemba 2002, na uamuzi huo uliibadilisha. Meirelles na mpigapicha wake, César Charlone wa Uruguay, walibeba kamera mikononi na kuingia Kibera kama watu wanaofuata tukio badala ya kulipanga. Paa za mabati zilizoshikana hadi upeo wa macho, reli inayopita katikati ya watu, maji machafu yanayovukwa kwa ubao mwembamba, mchezo wa jukwaani wa kuelimisha watu kuhusu Ukimwi unaochezwa mbele ya umati unaocheka, yote hayo yanapita bila mhusika yeyote kusimama na kutueleza maana yake. Watoto wanaomfuata Tessa wakiimba "how are you, how are you" hawakuhitaji kufundishwa na mtu, kwani yeyote aliyewahi kupita Kibera na mgeni mweupe amekwisha kuusikia wimbo huo. Sauti ya Ayub Ogada, marehemu sasa, aliyeimba kwa Kijaluo na kupiga nyatiti, inasikika ndani ya filamu na kuipa huzuni ambayo hakuna violini ya Ulaya ingeweza kuileta. Baada ya kazi kumalizika, watengenezaji walianzisha mfuko wa hisani kwa ajili ya Kibera na Loiyangalani, mji ulio kando ya Ziwa Turkana, jambo ambalo halibadilishi thamani ya filamu kisanaa lakini linaonyesha kwamba mahali penyewe paliwagusa.

Nisije nikaeleweka kwamba filamu imewapa Wakenya sauti yao kamili. Imewapa sura, na sura ni hatua, lakini maneno mengi bado yanasemwa na Waingereza. John Sibi-Okumu, mwigizaji ambaye Wakenya wengi wanamfahamu vizuri, anaigiza nafasi ya Daktari Ngaba, mkubwa wa serikali anayehojiwa na Tessa mbele ya wageni katika tafrija, na kazi yake katika onyesho hilo ni kuwa na adabu ya baridi huku akivuliwa nguo hadharani. Ni mwigizaji mwenye uwezo mkubwa zaidi ya hapo. Kioko, kijana mdogo ambaye dada yake Wanza anafia hospitalini baada ya kupewa Dypraxa, ana macho yanayosema mengi na mistari michache sana.

Kuhusu yaliyokatwa, mengi hayanisumbui. Safari ya kisiwa cha Elba, ambako Justin anajificha katika riwaya ili asome makaratasi ya mkewe, imeondolewa, na kijana Guido anayemsaidia na kompyuta amehamishiwa London bila madhara yoyote. Shirika linalofuatilia kampuni za dawa limehamishwa kutoka Bielefeld hadi Berlin, na sidhani kuna aliyelalamika. Kampuni ya dawa yenye Dypraxa, iitwayo KVH katika riwaya, imekuwa KDH. Filamu ya saa mbili haiwezi kubeba kurasa zaidi ya mia tano, na Caine alikuwa na haki ya kuwa na mkasi mkali.

Pigo moja tu la mkasi huo ninalihesabu kuwa hasara ya kweli, nalo ni kuondolewa kwa Kanada. Katika riwaya, Justin anasafiri hadi Saskatchewan kumtafuta Lara Emrich, mmoja wa wanasayansi walioivumbua Dypraxa, ambaye alipoona madhara ya dawa hiyo alitaka kuyasema na akagundua kwamba mkataba aliotia saini unamnyima haki ya kuusema ugunduzi wake mwenyewe. Chuo kikuu anakofanya kazi kinapokea fedha za kampuni. Hospitali nayo inapokea. Wenzake waliomheshimu jana leo wanamwona kuwa mgonjwa wa akili, au mwenye wivu, au mwenye kisasi cha mapenzi, na hakuna aliyetumwa kumpiga risasi kwa sababu hakuna haja. Sehemu hii inaeleza jambo ambalo kifo cha Tessa peke yake hakiwezi kulieleza, yaani kwamba uovu huu hautegemei wauaji wa kukodiwa jangwani, bali unategemea mikataba ya siri, ufadhili wa utafiti, makala za kitaaluma zinazoandikwa na watu wanaolipwa, na hofu ya kawaida ya mtu mwenye kazi nzuri. Mtazamaji wa filamu anaweza kutoka akiamini kwamba tatizo lilikuwa genge la watu wabaya waliojua kuua. Msomaji wa riwaya anajua kwamba genge lilikuja mwishoni, baada ya kila njia ya kistaarabu ya kumnyamazisha mtu kushindwa.

Filamu inajaribu kufidia hasara hiyo kwa njia ya picha, na mara moja inafanikiwa sana. Tunaonyeshwa kadi za wagonjwa zenye herufi mbili zinazothibitisha kwamba mgonjwa ameridhia kutumia dawa ya majaribio, kisha tunaelezwa kwa sentensi moja kwamba asiyeridhia anakosa matibabu mengine yote yanayotolewa mahali pale. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi nzima. Mama aliyetembea tangu alfajiri akiwa na mtoto anayekohoa, akiambiwa atie alama kwenye kadi au arudi nyumbani, ameridhia nini hasa? Swali hili halikuzuliwa na le Carré. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa iitwayo Trovan kwa watoto 200, nusu wakipewa dawa hiyo na nusu wakipewa dawa nyingine iliyokuwa tayari inatumika. Watoto 11 walifariki, watano miongoni mwa waliopewa Trovan na sita miongoni mwa waliopewa ile nyingine, na madai ya wazazi kwamba hawakuelezwa vya kutosha kuhusu jaribio hilo yalizaa kesi za miaka mingi, hadi makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano mwaka 2009. Kampuni ilishikilia kwamba ilifuata taratibu. Riwaya haisimulii kisa cha Kano, na mwandishi alisisitiza katika maelezo yake ya mwisho kwamba hakuna mtu wala kampuni halisi katika kitabu chake. Aliongeza, hata hivyo, kwamba kadiri alivyozidi kuchunguza biashara ya dawa ndivyo alivyoona hadithi yake kuwa nyepesi ikilinganishwa na ukweli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo filamu imelibuni yenyewe na ambalo, kwa hukumu yangu, ni bora kuliko chochote kilichomo katika riwaya kuhusu mada ileile. Baada ya kumpoteza mtoto wao hospitalini, Tessa na Justin wanarudi nyumbani kwa gari na kumkuta Kioko akitembea barabarani na jamaa zake, wakiwa wamebeba kichanga cha Wanza, wakielekea kwao umbali wa kilomita 40 hivi. Tessa anataka wawachukue. Justin anakataa, si kwa ukatili, kwa kuwa mkewe ametoka kujifungua na anapaswa kufika nyumbani, na anatoa hoja ambayo kila mtu mwenye gari Afrika amewahi kujipa: wenye shida ni mamilioni, hatuwezi kujiingiza katika maisha ya kila mmoja, na yapo mashirika kwa kazi hiyo. Tessa anamjibu kwamba hawa ni watu watatu ambao wao wawili wanaweza kuwasaidia sasa hivi. Gari linaendelea na safari.

Karibu na mwisho, Justin yuko kusini mwa Sudan, kwenye kambi ya chakula cha msaada ambako amemkuta Lorbeer, mtu aliyeingiza Dypraxa Afrika na sasa anatubu kwa kugawa nafaka. Wapiganaji wenye farasi wanavamia kijiji. Justin anakimbilia ndege na kumvuta msichana mdogo, Abuk, aingie naye, lakini rubani anakataa kwa sababu kanuni zinaruhusu wafanyakazi wa misaada tu, na watoto kama huyu ni maelfu. Justin anatoa fedha, anasihi, anasema kwamba huyu mmoja wanaweza kumsaidia. Rubani hatikisiki, na msichana mwenyewe, akielewa kwamba anawachelewesha watu, anaruka chini na kukimbilia porini.

Nimeona watu wakilisifu tukio hili kwa sababu linaliza. Mimi nalisifu kwa sababu ya hesabu yake. Hoja ya rubani ni ileile ya Justin, na rubani si mtu mbaya, kama vile Justin hakuwa mtu mbaya pale barabarani, kwa hiyo hatupewi nafasi ya kumchukia mtu ili tujisikie wasafi. Katika riwaya, Justin anabadilika kwa kusoma: anapekua faili za mkewe, anajifunza majina ya wanasayansi na njia za fedha, na hatimaye anaiona dunia kama Tessa alivyoiona. Katika filamu anabadilika kwa kusimama mahali pa Tessa na kushindwa kama Tessa alivyoshindwa. Njia ya kwanza inafaa karatasi, ya pili inafaa kamera, na mwongozaji aliyeweza kuona kwamba mabadiliko ya ndani ya kurasa mia mbili yanaweza kubebwa na safari mbili, moja ya gari na moja ya ndege, ameielewa riwaya kuliko yule ambaye angeifuata neno kwa neno.

Ni kwa sababu hiyo hasa mwisho wa filamu unanisikitisha. Katika kazi zote mbili Justin anarudi Ziwa Turkana, mahali ambapo Tessa aliuawa, na anawangoja wauaji wake. Filamu inaongeza kwamba anatoa risasi kwenye bastola aliyopewa, kisha anakaa kando ya maji akizungumza na mkewe, na hapo hakuna cha kulaumu, kwani mandhari ya ziwa lile, na upepo wake, na mawe yake meusi, yanafanya kazi ambayo maneno hayangeiweza. Lakini filamu haiishii hapo. Inatupeleka London, kanisani, kwenye ibada ya kumbukumbu, ambako Sir Bernard Pellegrin, mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje aliyeizima ripoti ya Tessa, anatoa hotuba ya majonzi na kudokeza kwamba Justin alijiua. Kisha anasimama Ham, ndugu wa Tessa, anasoma hadharani barua ambayo Pellegrin mwenyewe aliiandika, na anasema kwa kejeli kali kwamba Afrika hakuna mauaji, kuna vifo vya kusikitisha tu. Pellegrin anatoka mbio, waandishi wa habari wakimfuata.

Ni onyesho lililoandikwa vizuri na kuigizwa vizuri, na Bill Nighy anaigiza kuanguka kwa Pellegrin kwa namna inayoridhisha nafsi. Tatizo ni kuridhika kwenyewe. Riwaya haitoi kitu kama hicho. Katika sehemu yake ya mwisho, le Carré anatusimulia kwa lugha kavu ya taarifa za serikali kile kilichowapata wahusika: Pellegrin anastaafu mapema na kuchukua wadhifa wa juu katika kampuni ileile ya dawa, Woodrow anapandishwa cheo na kuwa balozi jijini Nairobi, na Kenneth Curtiss, mwenye kampuni ya ThreeBees iliyosambaza Dypraxa nchini Kenya, anaingizwa katika Baraza la Malodi kwa jina la Lord Curtiss wa Nairobi na Spennymoor. Kifo cha Justin kinatangazwa kuwa cha kujiua. Wapelelezi waliojaribu kufanya kazi yao wameondolewa kwenye kesi. Hakuna anayekimbia waandishi wa habari, kwa sababu hakuna mwandishi wa habari aliyekuja.

Jina hilo la Lord Curtiss wa Nairobi na Spennymoor lilinichekesha na kunikasirisha kwa wakati mmoja, na bado naliona kuwa sentensi kali kuliko hotuba nzima ya Ham. Le Carré alifanya kazi ndani ya serikali ya nchi yake na alijua kwamba taasisi za namna hiyo hazianguki kwa sababu mtu amesoma barua kanisani. Zinatoa tamko, zinaunda kamati, zinamhamisha ofisa mmoja, zinampa mwingine nishani. Msomaji wa Kenya au Tanzania, ambaye ameona ripoti za tume ngapi zikifungiwa makabatini, hahitaji kufafanuliwa jambo hili, na nadhani ndiye angeukubali mwisho wa riwaya upesi kuliko mtazamaji wa London au New York ambaye filamu ilimhitaji anunue tiketi.

Uamuzi huo wa filamu ulimgharimu pia mhusika mmoja ambaye nilimpenda sana kitabuni. Ghita Pearson, mfanyakazi kijana wa ubalozi mwenye asili ya Kihindi na rafiki wa Tessa, anapewa katika riwaya safari yake mwenyewe hadi Lokichoggio, mji wa Kenya ulio karibu na mpaka wa Sudan Kusini, ambako anafuata nyayo za Tessa na Arnold kwa siri, akiuliza maswali kwa woga na kwa akili, huku akijua kwamba kazi yake iko hatarini. Archie Panjabi anaigiza nafasi hiyo katika filamu kwa umakini, lakini nafasi yenyewe imepunguzwa hadi kuwa ya mtu anayelia na kupokea ujumbe. Kama filamu ilitaka mtu wa kuubeba ukweli baada ya Justin, alikuwepo mtu Nairobi, mwenye sababu, mwenye ujasiri, na mwenye kupoteza kitu. Badala yake ukweli ulisafirishwa hadi London ukasomwe na ndugu wa marehemu mbele ya watu waliovaa suti nyeusi, na katika hotuba ile yote kuhusu maisha ya Waafrika yaliyonunuliwa kwa bei rahisi, jina la Wanza halitajwi, wala la Kioko.